Ndege Waliopendwa na Watu Elfu Nane

Shambani, Malinyi
24 Aprili 2025

Shangazi Brigita,

Shikamoo. Mimi mzima, mpunga mzima, dungu ninalokaa juu yake kuamia ndege wasiushambulie limefungwa kamba mpya na halitikisiki. Kwelea kwelea bado hawajafika, ila wameanza kutuma wapelelezi. Wanakuja wawili wawili, wanatua kwenye matete, wanajifanya hawana habari na sisi.

Leo ni siku ya nne bila simu. Nakwambia kweli shangazi, sikujua kama mkono wa mtu unaweza kuwa na akili yake peke yake. Niko juu ya dungu nimetulia, mara mkono huo, mfukoni. Unapapasa, haukuti kitu, unarudi. Dakika mbili hazijaisha, mfukoni tena! Jana nimeushona ule mfuko wa sketi ukafungwa kabisa. Sasa mkono unakwaruza kitambaa tu kama kuku jalalani. Cheka, ni haki yako.

Ulisema ningekuja nayo, niizime tu. Mwaka jana pia nilisema nitaizima. Wewe uko Ifakara, uliyoyasikia ni yale ya kwenye kikao cha ukoo, ya Baba Mkubwa Pantaleo na mwanawe Octavian. Acha nikueleze mwenyewe. Ilikuwa saa nane mchana. Ndege walitokea upande wa mto, wengi mpaka jua likafifia, wanageuka wote kwa pamoja, huku wanaonekana weusi, huku wanang'aa. Walikuwa wazuri, shangazi, Mungu anisamehe. Nikaweka kombeo chini, nikatoa simu, nikawarekodi. Halafu nikashuka dungu, nikaenda kupanda kile kichuguu ambacho ndicho peke yake chenye mtandao huku, nikairusha video. Ningerudi hapo hapo, ningeokoa kitu. Sikurudi. Nilikaa juu ya kichuguu nasoma watu wanasema nini. Watu elfu nane waliipenda. Mmoja wa Mombasa akaandika kwamba Mungu ni fundi. Niliporudi shambani nilikuta mabua yamesimama na masuke matupu. Mimi na mwanangu Omega tulikula mihogo mpaka Desemba.

Kwa hiyo sina kinyongo na uamuzi wa ukoo. Shamba la marehemu baba nimeachiwa msimu huu mmoja, nikiliharibu tena anapewa Octavian. Na najua kama si wewe kusimama mbele ya wanaume wale ukasema "huyu namdhamini mimi," lingekuwa limeshakwenda. Nimeacha simu kwako, nimemwacha Omega kwako asome, nimekuja na kombeo. Sitakuaibisha.

Ukinijibu, barua mpe kondakta wa basi la Malinyi. Limbu wa pikipiki ataichukua stendi aniletee, huwa anapita huku kubeba maziwa.

Mwanao,
Gladness


Ifakara
30 Aprili 2025

Mwanangu Gladness,

Marahaba. Barua yako imefika inanuka samaki perege, sijui kondakta aliifungia nini. Nimeisoma mara mbili, nikacheka mpaka Omega akaja kuniangalia. Yaani umeushona mfuko! Mimi fundi cherehani wa miaka thelathini, sijawahi kushona nguo kwa sababu hiyo.

Simu yako nimeifunga kwenye kitambaa, iko kabatini chini ya vitenge vya wateja. Siku za kwanza ililialia humo ndani kama mtoto anayeachishwa ziwa, mpaka chaji ikaisha. Ningeizima mapema, ila sijui inazimiwa wapi na sitaki kujua. Mimi na kitochi changu tunaelewana. Kinaita, napokea, nasema, nakata. Ninyi vijana mnashika kitu kinene kama kipande cha sabuni, mnainama, shingo inapinda, ukimwita mtu anakujibu "ee" na hajasikia. Basi mwenzangu umeamka, nakupongeza.

Sasa kuna usumbufu. Omega juzi amerudishwa kwa sababu hakupeleka fagio. Nikaenda shule kwa hasira zangu. Mwalimu wake, yule Mwalimu Aikande, akaniambia matangazo yote yapo kwenye grupu la wazazi. Nikamwambia mimi nina masikio mawili, niambie kwa mdomo. Akasema huo ndio utaratibu. Haya, niambie hiyo simu inafunguliwaje, nisome hayo mambo ya mafagio, niirudishe kabatini. Nina kazi kubwa. Akina mama wa jumuiya wameniletea magauni kumi na mawili ya sare, wanayataka kabla ya Pentekoste, na mwenyekiti wao ni Wilhelmina. Unamjua Wilhelmina alivyo, akikuta uzi umening'inia anaitisha kikao.

Usiniogopee mimi. Umri huu nitarogwa na kioo?

Shangazi yako,
Brigita


Shambani, Malinyi
8 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Ichaji kwanza, ukiiwasha utaona vidoti tisa. Anza juu kushoto, shuka mpaka chini, kisha nenda kulia mpaka mwisho. Grupu la wazazi lina picha ya bendera ya shule. Soma, toka. Nakuomba sana, soma, toka, usibonyeze kitu kingine chochote. Nacheka nikiandika hivi, ila sitanii.

Mkono umetulia. Sikumbuki ni siku gani uliacha, nilishangaa tu kwamba jioni imefika na sijaupiga kofi hata mara moja. Nalala, shangazi! Nalala usingizi ule wa mtu aliyelima. Ile shingo iliyokuwa inanipeleka zahanati imepona bila kidonge. Na kuna jambo nimeligundua, nakwambia wewe peke yako. Nilikuwa naamka kila siku nimenuna. Kabla sijanawa uso nilikuwa nimeshaona huyu niliyesoma naye kajenga, huyu kaolewa, huyu yuko kwenye ndege kavaa miwani. Namkaripia Omega kwa sababu ya nyumba ya mtu aliyeko Dodoma ambaye hata hakumbuki kama niliwahi kumwazima peni. Sasa nikiamka naona ukungu na mpunga. Uji unapoa nikiwa nauangalia tu.

Jirani yetu Gosbert ananicheka. Yeye ameweka simu kwenye dungu lake na spika kubwa, inapiga muziki kutwa nzima kufukuza ndege, yeye amelala chini kwenye kivuli. Siku mbili za kwanza ndege waliogopa. Sasa hivi wanatua juu ya spika.

Mpunga umeanza kutoa maziwa. Huu ndio wakati wenyewe wa ndege, wiki nne au tano hivi, siwezi kuondoka hapa hata nusu siku. Mbusu Omega.

Gladness


Ifakara
15 Mei 2025

Gladness,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, kazi nyingi. Macho yananisumbua, ni vumbi la vitambaa.

Omega hajambo, ana mafua kidogo tu. Simu yako ipo kabatini, siigusi. Nasoma ya mwalimu natoka, kama ulivyoelekeza.

Kumbe yule Happyness uliyesoma naye amejifungua mapacha? Nimesikia tu. Na kumbe maandazi yanaweza kuokwa kwenye mchanga bila mafuta, kuna mama mmoja wa Mwanza anafanya. Watu wanajua mambo. Na mtu akiwa na maumivu ya goti asilale upande wa kulia, wataalamu wamesema.

Sare zinaendelea vizuri. Basi niishie hapa.

Shangazi


Ifakara
19 Mei 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha hali ya hapa nyumbani.

Mimi sijambo. Nimekuwa wa tano darasani. Bibi Brigita yupo lakini ni kama hayupo. Anaangalia simu yako tangu asubuhi. Zamani alikuwa ananihadithia wakati anashona, sasa hivi nikimuuliza kitu anasema ngoja iishe, na ikiisha inaanza nyingine. Tunakula mkate na chai mchana na jioni. Jumapili hatukwenda jumuiya.

Jumatano iliyopita nilishikwa na homa shuleni. Mwalimu Aikande alimpigia Bibi kwenye kitochi mara nyingi, hakupokea. Nililala kwenye dawati mpaka saa kumi. Dada Bernadeta jirani ndiye aliyekuja kunichukua akanipeleka kupimwa, nina malaria. Nimemeza dawa nimepona, usilie mama. Bibi alilia sana akaniomba msamaha, lakini kesho yake akaishika tena.

Pia Bibi amekata mikono ishirini na minne ya yale magauni, yote ya upande wa kushoto. Alikuwa anakata huku anaangalia. Amesema nisikwambie. Mimi sijakwambia, nimekuandikia.

Nampa Dada Bernadeta barua hii aipeleke stendi. Naomba penseli za rangi.

Wako mtiifu,
Omega


Shambani, Malinyi
22 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Leo utani sina.

Barua ya Omega imenikuta juu ya dungu. Nilipofika kwenye neno dawati nilishuka, nikafunga nguo mbili kwenye kanga, nikakimbia mpaka kwa Limbu aliyekuwa bado barabarani. Nikapanda pikipiki, akaiwasha. Nikageuka kuangalia shamba mara moja tu, na ndege wakawa wanaingia. Siyo wapelelezi, ni jeshi lenyewe. Limbu akaniuliza, "Twende au tusiende?" Nilikaa pale juu ya pikipiki inayonguruma, nalia kama mtoto. Halafu nikashuka, nikarudi na kombeo, nikapigana nao mpaka giza lilipoingia, huku nalia. Nimemchagulia mpunga mwanangu mgonjwa. Najiambia amepona, najiambia nikipoteza shamba atakula nini mwakani. Bado sijui kama nimefanya sawa, na roho inaniuma sana.

Na wewe uliniandikia mafua. Mafua, shangazi! Barua yako ina tarehe ya siku moja baada ya homa yake.

Sikufanyi adui. Mimi ndiye niliyekuachia lile dude, nikajiona mjanja, nimelihama. Kumbe nimekutwisha wewe. Naujua ugonjwa huu kuliko ninavyojua kushika jembe. Unasema ni mara moja tu, unasema ni vumbi la macho, unaanza kuificha chini ya kitambaa mtu akiingia. Nimepita humo humo. Nakuomba, ipeleke kwa mtu mwingine, mbali na nyumba. Usiseme utaiweka kabatini. Siku tatu za kwanza utakuwa mkali kama pilipili. Hasira hizo zimalizie kwenye cherehani, Omega usimguse. Ya nne utachoka. Ya kumi utashangaa jioni imefika.

Ulinidhamini mbele ya watu. Leo mimi nakudhamini wewe.

Gladness


Ifakara
27 Mei 2025

Gladness,

Barua yako nimeipata. Nimekuogesha wewe ukiwa na siku sita, mama yako akiwa hoi kitandani. Leo unaniandikia kama unamwandikia mlevi wa kilabuni. Sijui mtoto amekuandikia nini, watoto wanaongeza chumvi.

Sare ziko sawa. Simu iko kabatini. Usiniandikie tena habari hizi.

Brigita


Ifakara
5 Juni 2025

Mwanangu Gladness,

Nimeanza barua hii mara tatu nikachana. Basi nakuandikia moja kwa moja, nisijepata akili ya kujitetea.

Yote aliyoandika Omega ni kweli, na aliacha mengine kwa kunihurumia. Baada ya barua yako nilikasirika siku mbili nzima, na hizo siku mbili niliangalia simu kuliko siku zote. Halafu Alhamisi akina mama wakaja kujaribu sare. Wilhelmina akawa wa kwanza, unajua lazima awe wa kwanza. Mkono wa kushoto ukaingia vizuri. Wa kulia ukamgeuza, bega likaja mbele, kiwiko nyuma, akawa amesimama pale kama mtu anayetaka kujikuna mgongo hafiki. Nilikuwa nimeiunga hiyo mikono hivyo hivyo bila kuiangalia, Gladness. Wakacheka. Walicheka vibaya sana, wengine wakakaa chini. Halafu wakanyamaza ghafla, na mimi nikainua uso kuona kwa nini wamenyamaza.

Niliinua uso, umenielewa? Wakati watu kumi na wawili wananicheka kazi yangu, kazi niliyoifanya miaka thelathini, mimi nilikuwa nimeinama. Namwangalia mwanamke wa nchi sijui gani anachonga tikiti maji liwe ua. Sikusikia wakinicheka. Hata aibu ilinikuta imechelewa. Wilhelmina, na ukali wake wote, alinijia na lile bega lake la mbele akaniuliza polepole, "Brigita, unaumwa?" Nikasema ndiyo. Ni mara ya kwanza kusema ukweli tangu mwezi wa tano uanze.

Siku ile ile, mchana, nilivaa viatu nikaenda shule. Simu yako nikamkabidhi Mwalimu Aikande mbele ya walimu wenzake. Nikamwambia, mwalimu, kuanzia leo tangazo la mtoto wangu utaliandika kwenye daftari lake kwa kalamu, na nitatia sahihi. Nilijiandaa kwa ugomvi. Weee! Akasema mwenyewe amechoka, ujumbe wa wazazi unaingia mpaka akiwa anakula. Kufika Jumatatu wazazi wengine sita walikuwa wameomba daftari.

Omega nimempigia magoti. Akaniambia, "Bibi simama, utaumia goti." Nikalia upya.

Na sare? Wilhelmina aliitisha kikao, kweli, lakini cha kuniletea vitambaa. Akina mama wanne wamekaa na mimi, mmoja anapasi, mmoja anafumua, wawili wanapika. Leo magauni kumi na mawili yamening'inia hapa mbele yangu, kila moja na mkono wake wa kulia. Nilikuwa mkali siku tatu, kama ulivyosema. Niliifokea mikasi, niliifokea pasi, mtoto sijamgusa. Ya nne nililala kama gogo.

Shule zinafungwa kesho. Pentekoste naisali hapa niwaone akina mama wangu wakiingia kanisani, halafu Jumatatu mimi na Omega tunapanda basi. Tayarisha dungu la pili. Bado nina sauti, na mkono wangu wa kombeo nilifundishwa na marehemu baba yako.

Nisamehe.
Shangazi yako Brigita


Shambani, Malinyi
20 Juni 2025

Kaka Pantaleo,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka shambani kwa marehemu ndugu yetu, ninakaa wiki ya pili. Ningeweza kumtuma Limbu akwambie kwa mdomo, ila nataka maneno haya uwe nayo kwenye karatasi, umsomee na Octavian.

Kwenye kikao ulisema Gladness hana macho ya shamba. Kaka, sikiliza. Huyu mtoto amekaa hapa miezi miwili anaangalia ndege. Hana redio, hana simu, hana cha kumtoa. Anawajua ndege hawa kuliko wewe ulivyowajua waumini wako ulipokuwa mwalimu wa dini. Siku niliyofika nikataka kupanda dungu. Akaniambia, "Shangazi, dungu ni la kukaa, hawashukii hapa." Akanipeleka kwenye kona ya matete, akanionyesha. Wakitoka mtoni wanapita juu ya shamba lote kama hawalitaki, wanageukia pale kwenye kona, ndipo wanashuka kwa chini chini. Kila siku! Watu tumekaa madunguni tangu babu zetu, tunawapigia kelele wakiwa wameshatua, hakuna aliyekaa kimya muda wa kutosha kuona wanapogeukia.

Jumatano ya wiki iliyopita walikuja wale wenyewe, saa kumi na moja jioni. Nimeishi miaka hamsini na nane sijaona ndege kama wale. Nilitaka kukimbia, nakwambia kweli. Gladness akasema, "Ngoja. Ngoja. Bado." Omega amekamata kamba ya makopo, mimi nina kombeo, Gladness amesimama na debe bovu na rungu. Walipoanza kugeuka akapiga yowe, na sisi tukaachia vyote kwa pamoja. Kaka, walifumuka! Lile kundi lilipasuka vipande viwili, likapanda juu, likazunguka, likajaribu tena. Tukawapiga palepale kwenye kona. Mara nne walijaribu. Ya tano hawakurudi, wakaenda kutua kwa Gosbert, kwenye muziki wake. Nilicheza, kaka. Na goti hili hili, nilicheza kwenye tope mpaka kanga ikanivuka.

Kesho yake asubuhi Gosbert alikuja kwa Gladness na spika mkononi, ameizima. Aliuliza tu, "Mama Omega, hiyo kona ni ipi?" Gladness akamwonyesha. Siku hizi tunasimama wote pale, watu wa mashamba manne, kwa zamu, na nusu ya mpunga wa Gosbert umepona.

Tunaanza kuvuna Jumatatu. Masuke yameinama mpaka yanalaliana. Njoo. Njoo na Octavian, tembeeni shamba lote mpaka mwisho, msimame kila mahali mnapotaka. Nilimdhamini huyu. Nadai jibu langu.

Dada yako,
Brigita


Malinyi
4 Julai 2025

Kwa binti yangu Gladness,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nilipokuja shambani siku ile ya mavuno nilitembea kimya, nikahesabu magunia sitini na mawili, nikapanda baiskeli nikaondoka bila kukuambia neno. Najua ulibaki umesimama. Shangazi yako amenipigia kunitukana, na nilistahili. Sikunyamaza kwa sababu ya kukosa la kusema. Ni kwamba nilikuwa na jambo la mwaka jana ambalo sikuwa nimelikiri kwa mtu.

Wewe umejilaumu mwaka mzima. Nilikusikia kwenye kikao ukisema mbele ya ukoo, "Kosa ni langu peke yangu," na mimi niliyekuwa mwenyekiti nikakuacha uliseme. Sasa nisikilize.

Siku ile ulikuwa dunguni tangu alfajiri, peke yako. Saa nane ilikuwa zamu yangu kukupokea. Tulipatana hivyo, na wewe hukunikumbusha hata siku moja kwamba sikuja. Mimi nilikuwa nimechelewa, bado niko kwa Octavian, kibarazani. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta, tayari. Kabla sijaondoka Octavian akaniita, "Baba, hebu ona hii," akanipa simu yake. Walikuwa ndege. Nilitambua lile dungu, nilitambua matete. Nilijua ni shamba la ndugu yangu na nilijua ni sasa hivi. Nikasema, irudishe nione tena. Nimeirudia mara tano, Gladness. Walivyokuwa wanageuka, walivyokuwa wanang'aa. Kutoka pale hadi shambani ni mwendo wa robo saa kwa baiskeli. Nilikaa nikawaangalia kwenye kioo wakila mpunga wa mjukuu wangu, na baadaye nikaitisha kikao kukuita mzembe.

Katika wale elfu nane mimi nilikuwemo. Octavian alinionyesha pa kubonyeza.

Nimeungama kwa padri, na padri amenisamehe. Lakini padri hakula mihogo mpaka Desemba, wala si yeye aliyesimamishwa mbele ya ukoo.

Shamba nimeliandika kwa jina lako leo asubuhi katika ofisi ya kijiji, ekari zote tatu. Octavian ametia sahihi kama shahidi. Usinishukuru, maana sikupi zawadi. Lilikuwa lako hata siku ile.

Tarehe kumi na mbili, Jumamosi, ukoo unakutana palepale. Nimewaita wote waliokuwepo mwaka jana, asikosekane mtu. Nitasimama niseme haya yote kwa mdomo wangu, tangu zamu ya saa nane hadi mwisho. Wewe safari hii hutasimama. Njoo na Omega na shangazi yako, mkae viti vya mbele.

Baba yako mkubwa,
Pantaleo